Krete kwa Aliyezaliwa Pwani

Asubuhi yangu ya kwanza mjini Chania niliteremka bandarini mapema, kama tufanyavyo nyumbani, kuangalia maji yamekupwa kiasi gani. Nilikaa ukingoni mwa gati mpaka jua likawa kali. Maji hayakupwa. Adhuhuri nikarudi, jioni nikarudi tena, na alama ya unyevu kwenye mawe ilikuwa palepale. Bahari ya Mediterania hupwa na kujaa kidogo mno, hata jicho la mtu wa Tanga haliwezi kuona tofauti. Hakuna bamvua. Hakuna wanawake wenye ndoo wanaofuata pweza kwenye miamba iliyoachwa wazi, wala ngalawa zilizolalia ubavu zikingoja maji yarudi.

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo lililonifundisha namna ya kupanga safari ya kule. Mtu wa Pwani akisikia "kisiwa cha Ugiriki" huona mchanga na maji ya buluu, na jamaa zake wana haki ya kumuuliza: kwani hivyo Kiwengwa havipo? Watamu je, na Mafia? Vipo, na maji yetu yana joto zaidi. Kwa hiyo ninamwomba kila anayedunduliza fedha kwa ajili ya safari hii asiifunge kwenye ufukwe. Aende kwa yale ambayo Pwani yetu haina: milima ya zaidi ya mita 2,400 iliyosimama karibu na bahari, majumba yaliyojengwa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na chakula ambacho watu hukikalia saa tatu nzima bila mtu kuwaletea hesabu. Bahari ataipata tu. Kisiwani haikwepeki.

Kisiwa ninachokipendekeza ni Krete, tena Krete peke yake. Najua mvuto wa kurukaruka: Santorini siku mbili, Mykonos siku mbili, Naxos moja. Mpango huo huula muda wako gatini, ukivuta sanduku juani, na feri yenyewe upepo ukichachamaa haiondoki. Krete ina kilomita za mraba zipatazo 8,300, yaani mara tano ya Unguja, na kutoka ncha ya magharibi hadi ya mashariki ni kilomita 260 hivi. Wakazi wake ni zaidi ya laki sita, na wengi wao wana mizeituni, mbuzi, kondoo na mizabibu. Watalii wakiondoka Novemba, maisha yanaendelea. Jambo hilo utalionja kwenye sahani: mgahawa unaompikia jirani mwaka mzima haupiki sawa na ule unaompikia mgeni ambaye hatarudi tena.

Msomaji wa Biblia, jina hili si geni kwako. Meli iliyomchukua mfungwa Paulo ilitia nanga mahali paitwapo Bandari Nzuri, na Bandari Nzuri ipo hadi leo kwenye pwani ya kusini kwa jina lilelile la Kigiriki, Kaloi Limenes. Tito aliachwa huku kulisimamia kanisa. Mabaki ya kanisa kuu la kale lenye jina lake yako Gortyn, mji uliokuwa makao ya utawala wa Warumi kisiwani, na fuvu linaloheshimiwa kuwa lake limo katika kanisa lake mjini Heraklion, baada ya kurudishwa kutoka Venice mwaka 1966. Mwenye nia ya hija anaweza kuyaona yote haya kwa siku mbili.

Jambo la kwanza kuamua ni majira, hata kabla ya kuangalia bei ya tiketi. Julai na Agosti achana nazo ukiweza. Joto hupanda, vyumba huwa ghali, na upepo wa kaskazini wanaouita meltemi hupiga siku kadhaa mfululizo hadi fukwe za upande wa kaskazini zinachafuka mawimbi. Mei na Juni milima huwa bado na maua, lakini nakuonya wewe uliyezoea bahari ya Hindi: maji ya Mei yana nyuzijoto kama 19 au 20, na utatoka ukitetemeka. Mimi nachagua Septemba ya katikati hadi mwanzo wa Oktoba. Bahari huwa imekusanya joto la kiangazi chote, zabibu zinachumwa, na wenye migahawa wamepumua. Kuanzia Novemba mvua huingia na vijiji vingi vya kusini hufunga milango.

Ukipenda kusafiri wakati wa Pasaka, kumbuka kwamba Waorthodoksi hufuata hesabu yao, na mara nyingi Pasaka yao haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Waprotestanti. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda wanalijua hili vizuri. Usiku wa kuamkia Pasaka katika kijiji cha Krete, watu wote wakiwa na mishumaa nje ya kanisa, unastahili kupangiwa safari nzima. Ila chumba kitafutwe miezi mingi mapema, kwa sababu Wagiriki wenyewe hurudi makwao kama sisi tunavyorudi kijijini Krismasi.

Visa ndiyo inayovunja mipango mingi. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa hiyo. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Mimi nasema miezi mitatu, maana nafasi za miadi hujaa. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi. Ndugu zetu wanaoishi Muscat au Dubai huomba huko waliko, na aliye na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen hahitaji kuomba tena. Aliye Uingereza na pasipoti ya nyumbani, yeye anahitaji. Hifadhi vyumba vinavyoweza kufutwa bila faini, na tiketi isiyorudishika usiinunue kabla visa haijagongwa. Nilimwona rafiki yangu akipoteza nauli ya watu wanne kwa haraka hiyo, na safari yenyewe haijafanyika mpaka leo.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hadi Krete. Utapita Addis Ababa, Cairo, Istanbul, Doha au Dubai, ushuke Athens, kisha uchague. Ndege ya ndani hadi Heraklion au Chania hukaa angani chini ya saa moja. Feri ya usiku kutoka bandari ya Piraeus hung'oa nanga jioni na kufika alfajiri. Chukua feri angalau safari moja, ya kwenda ndiyo bora. Lipia kitanda, usijibane kwenye kiti. Ukiamka utaiona milima ikijitokeza kutoka gizani kabla hujaona nyumba hata moja, na papo hapo utaelewa kwa nini nilikwambia hukwenda kwa ajili ya mchanga. Kitu kingine kitakachokufurahisha: wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki ni sawasawa na ya Nairobi na Dar es Salaam, huigeuzi ya mkononi. Lakini Kiswahili chetu cha saa kitakuchanganya, kwa kuwa mwezi Juni jua huzama kama saa mbili na nusu usiku. Muislamu apange swala zake kwa ratiba ya huko, na mwenye watoto asishangae kuwaona wa Kigiriki wakicheza uwanjani saa tano usiku.

Sasa suala la gari, ambalo naomba ulifikirie kwa utulivu. Huko huendeshwa upande wa kulia. Sisi tumezoea kushoto, na hatari kubwa haiko barabara kuu. Iko asubuhi unapotoka kwenye maegesho matupu na mkono unafuata mazoea. Barabara inayopita pwani ya kaskazini ina desturi yake: gari la polepole husogea hadi kwenye ukingo wa lami ili la nyuma lipite. Usiposogea utapigiwa honi, na ukisogea bila kuangalia unaweza kumgonga mtembea kwa miguu. Barabara za milimani ni nyembamba, zina kona za kuzunguka papo hapo, na mbuzi hulala katikati. Mtu asiye na leseni ya Ulaya anatakiwa awe na leseni ya kimataifa ya udereva, ambayo hutolewa nyumbani kabla ya safari. Kama hujawahi kuendesha upande wa kulia, usijifunzie milima ya Sfakia. Mabasi ya KTEL ni safi, yanafuata saa, na kutoka Heraklion hadi Chania, kilomita kama 140, ni karibu saa tatu. Kodi gari siku mbili au tatu tu, kwa sehemu ambazo basi haliendi.

Kwa siku kumi, lala sehemu tatu, usizidishe. Anza Heraklion usiku mbili. Mji wenyewe una kelele na saruji nyingi, na wageni wengi huukimbia, lakini humo ndimo mlimo na jumba la makumbusho ya akiolojia, na bila jumba hilo utakayoyaona kwingine yatakuwa mawe tu. Nenda makumbusho kwanza, siku inayofuata nenda Knossos. Mpangilio huu wengi huugeuza, kisha hulalamika kwamba Knossos haikuwaambia kitu.

Knossos iko kilomita tano kutoka mjini na basi la mjini linafika. Minos Kalokairinos, mfanyabiashara wa hapohapo, alianza kupachimba mwaka 1878. Mwingereza Arthur Evans akaja mwaka 1900, akafukua kasri zima, kisha akajenga upya baadhi ya sehemu kwa saruji na kupaka nguzo rangi nyekundu. Wataalamu wanamlaumu hadi leo kwa kuchanganya alichokikuta na alichokidhania. Kuna mchoro mmoja wa ukutani ambao mafundi wake waliukamilisha kuwa mvulana anayechuma maua ya zafarani. Baadaye ikagundulika kwamba kiumbe yule ana mkia, alikuwa tumbili wa rangi ya buluu. Tumbili hawakuwahi kuwa wanyama wa porini wa Krete. Watu wa kisiwa waliwajua kwa biashara na safari za upande wa Misri, upande wetu wa dunia. Mimi nilisimama mbele ya tumbili yule muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Huko makumbusho utaona pia diski ya udongo ya Phaistos, iliyopatikana mwaka 1908, yenye alama ambazo hakuna aliyekwisha kuzisoma kwa uhakika. Fika Knossos mlango unapofunguliwa, au saa mbili za mwisho kabla ya kufungwa. Katikati ya mchana kuna vikundi vya melini na hakuna kivuli.

Kutoka Heraklion unaweza kwenda mashariki siku moja hadi Spinalonga, kisiwa kidogo chenye ngome ya Waveneti, ambacho kuanzia 1903 hadi 1957 kilikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ukoma. Boti huondoka Elounda, Plaka na Agios Nikolaos. Ya Plaka ndiyo fupi kuliko zote. Mmoja wa waliopelekwa huko, Epameinondas Remoundakis, alifika mwaka 1936 akiwa kijana wa masomo ya sheria, akaunda udugu wa wagonjwa, wakadai maji, taa na heshima. Watalii wengi hupita mbio kupiga picha ya ngome. Wewe tembea ile barabara ya maduka polepole, usome majina, uketi kidogo makaburini. Watu walioana hapa, wakazaa, wakafungua mikahawa.

Usiku nne zinazofuata zitumie Chania. Mji mkongwe wake una vichochoro ambavyo mtu wa Lamu au Mji Mkongwe atavizoea kwa dakika tano, na magari hayaingii, kwa hiyo mfuko wa mgongoni ni bora kuliko sanduku la magurudumu. Lala mtaa wa Splantzia kama unaweza, usilale mstari wa mbele wa bandari, ambako muziki hauishi na chakula ni cha mgeni. Katika uwanja wa Splantzia kuna kanisa la Mtakatifu Nikolaos lenye mnara wa kengele upande mmoja na mnara wa msikiti upande mwingine, kwa kuwa Waosmani walilifanya msikiti kabla halijarudi kuwa kanisa. Mnara wa taa bandarini, uliojengwa na Waveneti, ulifanyiwa ujenzi mpya na Wamisri walipokitawala kisiwa miaka ya 1830.

Halafu toka nje ya kuta za mashariki hadi Koum Kapi. Leo ni mikahawa ya vijana kando ya maji. Zamani za Waosmani hapa palikuwa na makazi ya Waafrika, watumwa, wazao wao na wachukuzi wa bandarini, wengi asili yao ikiwa Sudan na Afrika Kaskazini. Wakrete waliwaita Halikoutes. Karibu wote walikuwa Waislamu, na mkataba wa kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki wa mwaka 1923 uliwapeleka Uturuki, ambako wazao wao wapo. Vitabu vingi vya watalii haviwataji. Mtu mweusi akiulizwa Chania ametoka wapi, na ataulizwa, mara nyingi kwa wema, ni vizuri ajue kwamba si wa kwanza kutembea pale.

Kutoka Chania watu huenda Elafonisi kuona mchanga wenye rangi ya waridi na maji ya kina cha goti. Ni pazuri kweli, lakini ni mwendo wa saa moja na nusu na kiangazi pamejaa kama Coco Beach siku ya Idi. Kama una siku moja tu ya ziada, mimi naitoa kwa korongo la Samaria.

Korongo hili ni kilomita 16 za kuteremka. Unaanzia Xyloskalo, kwenye mita kama 1,230, na unaishia kijiji cha Agia Roumeli kwenye bahari ya Libya. Njiani kuna sehemu iitwayo Milango ya Chuma, ambapo kuta za mawe husogeleana hadi mita tatu au nne na kupanda karibu mita 300. Hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba, na siku ya mvua, upepo mkali au joto la kupita kiasi hufungwa, basi usiliweke siku ya mwisho ya safari. Panda basi la alfajiri. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Kandambili humu ni ajali. Magoti ndiyo huumia, si mapafu, kwa sababu saa mbili za kwanza ni ngazi na mawe ya kushuka. Chupa moja inatosha kwa kuwa chemchemi ziko njiani. Agia Roumeli haina barabara, kwa hiyo utatoka kwa boti ya jioni hadi Sougia au Hora Sfakion, na kutoka hapo basi. Nunua tiketi ya boti mara ufikapo, kabla ya kuoga na kula. Mwenye wazee au watoto wadogo aende korongo la Imbros, fupi kwa nusu.

Usiku tatu za mwisho ziache kusini, na chaguo langu ni Loutro, kijiji cheupe kisichofikiwa na gari, ila boti au miguu. Hapana cha kufanya pale, na hiyo ndiyo sababu. Umeogelea, umesoma, umelala, umekula.

Nimefika kwenye kula, na hapa sitaki kukimbia, kwa sababu Krete inajulikana vyema zaidi kwa tumbo. Mtafiti Ancel Keys na wenzake walipolinganisha wanaume wa nchi saba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wale wa Krete walionekana kufa kidogo sana kwa ugonjwa wa moyo, na chakula chao kikawa mfano duniani. Chakula chenyewe kilikuwa cha watu maskini: mboga za majani zilizochumwa mlimani, maharage, mkate wa shayiri, matunda, samaki kidogo, nyama siku za sikukuu, na mafuta ya zeituni kwa wingi ambao utakushangaza.

Anza na dakos: mkate mkavu wa shayiri uliolowanishwa kidogo, juu yake nyanya iliyokwanguliwa, jibini laini jeupe liitwalo mizithra, oregano na mafuta. Agiza horta, mboga za mwituni zilizochemshwa na kukamuliwa ndimu. Aliyelelewa kwa mchunga na mnavu ataujua ule uchungu kidogo na kuupenda. Maneno mengine yatakukaribisha yenyewe. Bamies ni bamia, zimepikwa kwa nyanya. Pilafi ni pilau, ila pilau yao ya harusi, gamopilafo, haina bizari wala mdalasini: mchele huivishwa ndani ya supu ya nyama ya kondoo au mbuzi na jogoo, ukatiwa ndimu na siagi nzito ya maziwa. Usiihukumu kwa kipimo cha pilau ya nyumbani. Ile supu ndiyo kiungo chake chote, na ukiipa nafasi ya vijiko vitatu utaielewa. Halvas ni haluwa kwa jina, ingawa yao hutengenezwa kwa semolina au ufuta na haifanani na ya Unguja.

Nyama ifuate milimani. Anogia, kwenye miteremko ya Psiloritis, huchoma kondoo kwa namna iitwayo antikristo: vipande vikubwa vilivyotiwa chumvi pekee huchomekwa kwenye vijiti kuuzunguka moto, visiuguse, na huiva taratibu kwa saa kadhaa. Theriso, karibu na Chania, ni mahali pa familia siku ya Jumapili. Kwa Muislamu, nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wake ni vigumu kuipata, lakini njaa haitamuuma. Kuna samaki, pweza aliyekaushwa juani kisha kuchomwa, ngisi, na jamii kubwa ya vyakula viitwavyo ladera, yaani mboga na maharage yaliyopikwa kwa mafuta. Muulize mhudumu vyakula vya nistisimo, vya mfungo wao, ambavyo havina nyama wala maziwa. Nguruwe ni hirino. "Horis hirino" ni "bila nguruwe". Apaki na soseji nyingi za pale ni nguruwe, hata kama orodha haikusema.

Kaa mezani kama wao. Usiagize sahani yako na mwenzako yake. Agizeni sahani nne au tano ziwekwe katikati, kila mtu achote, kama tunavyokula kwenye sinia. Chakula cha usiku kinaanza saa tatu; ukifika saa moja utakula na watalii wenzako. Mkate utaletwa bila kuombwa na mara nyingi utalipiwa, si udanganyifu, ni desturi. Samaki mbichi huuzwa kwa kilo: omba umwone, apimwe, utajiwe bei kabla hajaenda jikoni. Orodha ikiwa na nyota kando ya jina la chakula, mara nyingi maana yake ni kwamba kilikuwa kwenye barafu. Katika migahawa ya vijijini, muulize mama wa jikoni kama unaweza kuangalia masufuria yake. Mara nyingi atakuvuta mkono.

Mwishoni huletwa tunda au kitu kitamu na kijichupa cha raki, kinywaji kikali cha makapi ya zabibu, bila malipo. Ni takrima. Asiyekunywa pombe aweke mkono kifuani, aseme "efharisto", na aombe malotira, chai ya majani ya mlimani. Hakuna atakayekasirika. Kitakachowakera ni kuinuka ghafla mara baada ya tonge la mwisho na kudai hesabu. Wana neno lao, siga-siga, ambalo mtu wa Pwani hana haja ya kutafsiriwa: ni polepole yetu, kwa sauti ileile.

Mambo madogo nayataja kwa haraka. "Ne" kwao ni ndiyo. Kichwa kikiinuliwa juu kidogo na nyusi zikapanda, hiyo ni hapana. Kati ya saa tisa na kama saa kumi na moja na nusu mchana vijiji hulala, usipige muziki. Karatasi za chooni hutiwa kwenye kapu, kwa kuwa mabomba ni membamba, na anayetumia maji abebe kikopo chake. Kanisani na kwenye monasteri funika mabega na magoti. Hoteli hudai ada ya serikali kwa kila chumba kila usiku, ambayo kwa viwango vya msimu wa kiangazi wa 2025 ni kati ya euro 2 na 15 kulingana na nyota. Iweke kwenye bajeti kwa sababu bei uliyolipia mtandaoni huenda haikuihesabu. Namba ya dharura ni 112.

Acha nafasi kwenye sanduku la kurudia. Mafuta ya zeituni nunua kijijini, kwenye kopo la bati la lita tatu au tano, usinunue uwanja wa ndege, na uliweke kwenye mzigo wa kukabidhi likiwa limefungwa kwa taulo mbili na mfuko wa plastiki. Chukua malotira kavu, haina uzito, na asali ya mmea wa mlimani wanaouita thimari. Mchanga wa Elafonisi uache ulipo; kuuchukua ni marufuku, na wa kwetu unakungoja.